Lulu Zilizochubuka

Mnaonifuata tangu mwanzo mnazijua aibu zangu, sina haja ya kujitambulisha upya. Wewe uliyenunua gazeti hili kwa ajili ya matokeo ya mpira, vuta kiti. Mambo yako hivi.

Mimi ni msaidizi wa sonara. Nauza, naandika risiti, nasafisha vito ambavyo wateja wanatuachia. Dhambi yangu ni kwamba vingine, kabla sijavirudisha, navitembeza kidogo. Pete ya mtu imekwenda arusi na kidole changu. Hereni za mtu zimekwenda msibani, zikameta kuliko machozi ya wafiwa.

Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyovaa kidani cha mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja mwenye macho ya kusahihisha. Kidani kirefu cha lulu mia moja, cha kuzungusha shingoni mara mbili. Nikakipeleka kwenye arusi ya rafiki yangu, na huko nikampata fundi wa lifti, mwanamume mrefu, mpole, anayecheka kwanza halafu ndipo anaelewa kichekesho. Tulicheza mpaka viatu vyangu vikaomba talaka. Kesho yake, Jumapili, nikatoa kidani kwenye pochi. Lulu zilikuwa zimefifia kama macho ya mlevi.

Kosa nililijua. Sonara wangu analiimba kila siku: "Lulu ni ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa. Hiyo si jiwe, binti. Imetoka tumboni mwa chaza, ina ngozi kama wewe."

Almasi utaisugua kwa mswaki laini na maji ya sabuni, nayo itakuchekea. Lulu ukiipulizia manukato inanuna. Mimi nilivaa lulu kwanza, nikapuliza manukato, nikapuliza dawa ya nywele, kisha nikatoka jasho saa nne mfululizo. Zikanuna zote mia.

Na mwenyewe alisema atakuja Jumanne.

"Hiyo si taabu, mdogo wangu," akasema dada. Dada yangu hajawahi kuona taabu ambayo ni taabu, mradi si yake.

"Sonara anasema kitambaa laini chenye unyevu, basi."

"Sonara wako kazeeka. Hapo ni dawa ya nywele imegandia. Rangi ya kucha ikigandia kuchani, unaitoa na nini?"

Akaniwekea mezani pamba na kichupa cha dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nikanusa. Macho yakatoa machozi. Ningeyasikiliza macho yangu.

Lulu ya kwanza nikaifuta, utando ukatoka. Ya pili, vilevile. Dada akapiga makofi.

Ya tatu ikachubuka.

Sisemi ilikwaruzika. Ilichubuka! Ule mng'aro wote ukabaki kwenye pamba kama gamba la kidonda, ndani kikatokea kitu cheupe kisicho na uso, kama jino la kitana.

"Endelea," akasema dada, "labda hiyo ilikuwa mgonjwa."

Kwa akili hiyohiyo iliyonifikisha hapo, nikaendelea. Nilipomaliza, lulu hamsini na mbili zilikuwa zimebaki lulu. Arobaini na nane zilikuwa uchi.

"Mimi sikuwepo," akasema dada, akachukua kichupa chake akaingia chumbani.

Nilifikiria kukimbia. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kuwasingizia panya, lakini panya hawatumii pamba. Jumatatu asubuhi nikaingia karakana ya nyuma ya duka, nikakuta sonara ameinamia meza yake, ile ngozi ya kudakia vumbi la dhahabu imemlalia mapajani. Nikaweka kidani mbele yake.

"Mzee, nimeua."

Akashusha taa. Akabana kioo cha kukuzia jichoni. Akashika lulu moja nzima, akanipa.

"Isugue kwenye meno. Taratibu."

Nikasugua. "Inakwaruza. Kama ina mchanga."

"Hiyo ni lulu. Sasa hii." Akanipa ile iliyochubuka upande mmoja, nikasugua upande ambao rangi ilikuwa bado imeshika.

"Inateleza kama sahani."

"Plastiki."

Msomaji, niliruka. Niliruka nikagonga taa. "Kumbe mama wa watu amebambikiwa! Alikuwa anatembea na vifungo vya shati! Mzee, mimi sina kosa!"

Yeye hakuruka. Alitoa kile kioo jichoni, akakifuta, akakirudisha mfukoni, akakitoa tena.

"Hizo plastiki nilizitunga mimi," akasema.

Kabla sijafunga mdomo, kengele ya mlango wa duka ikalia. "Nenda kwa mteja," akasema bila kuniangalia.

Mteja alikuwa kijana anayetafuta pete ya uchumba, wa ile aina ya wanaoingia dukani wakiwa wamenyoosha kidole. Anataka hii. Hapana, kubwa zaidi. Hapana, ile iliyosimama juu kama mnara.

"Mchumba wako anafanya kazi gani, kaka?"

"Muuguzi."

"Anavaa glavu siku nzima. Jiwe lililosimama hivyo litachana glavu kila saa, na siku moja jino moja la kulishikilia litanasa kwenye shuka, jiwe litakwenda na nguo chafu. Chukua hili lililokaa chini, limezungushiwa ukuta wa dhahabu pande zote. Halafu mlete pete kila mwaka tuangalie kama jiwe linacheza."

"Lakini hili ni dogo."

"Kaka, ukubwa anauona jirani. Anayevaa anataka lisipotee."

Akalichukua. Akaondoka kwa furaha. Nyuma yake, karibu na mlango, mtu akapiga makofi mara tatu, polepole.

Mwalimu mkuu. Siku moja kabla ya siku yake.

"Unashauri watu vizuri, binti," akasema. "Na wewe huwa nani anakushauri?"

"Shikamoo, mama. Kidani chako bado... kesho ndiyo..."

"Marahaba. Sogea hapa."

Akatoa simu, akavaa miwani, akaipekua kwa kidole kimoja kama anatafuta kosa la tahajia. Akanigeuzia kioo. Nikajiona. Niko arusini, nimecheka mpaka magego, nimeegemea bega la fundi wa lifti, na shingoni nimezungusha lulu mia moja.

"Huyo mrefu ni mwanangu wa pekee," akasema. "Hana siri, maskini. Jana kaja mbio, Mama, nimempata, huyu ndiye. Nikatazama uso, nikasema, si mbaya. Nikashuka shingoni, nikajikuta niko nyumbani."

Ardhi huwa haipasuki pale unapoihitaji. Nikasimama palepale.

"Yeye anajua?"

"Huyo anajua nyaya. Shanga na lulu kwake ni mamoja. Lete kidani changu."

Sikuwa na mguu wa kwenda kukileta. Kililetwa. Sonara alitoka karakana amekibeba kwenye sinia la bati kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka maiti ya ndege. Akaliweka juu ya kioo cha kaunta. Lulu hamsini na mbili na vitu arobaini na nane.

Mwalimu mkuu alitazama kwa muda ambao ungetosha kusahihisha daftari zima.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi nilizichubua, mama," nikasema.

"Mimi nilizitia," akasema sonara.

Akatuangalia, mmoja baada ya mwingine. "Aanze mkubwa."

Sonara akashika ukingo wa kaunta. "Miaka kumi na moja iliyopita mume wako alileta kidani kitungwe upya, uzi ulikuwa umelegea. Akaniambia nitoe lulu arobaini na nane, nijaze nafasi kwa za bandia. Akasema wewe umekubali, mmepatana. Nikamwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini."

"Nimekuletea kidani hiki kila mwaka."

"Kila mwaka. Nami kila mwaka nasafisha uongo wangu kwa kitambaa laini, nakuandikia risiti."

Mwalimu mkuu akaokota moja iliyochubuka. Akaipitisha kwenye meno. Akaokota nzima, akaipitisha. Uso wake haukubadilika, lakini mkoba ulimteleza begani na hakuuokota. Niliuokota mimi.

"Za kweli zilikwenda wapi?"

"Alitaka kidani kifupi, cha kukaa juu shingoni. Nikakitengeneza."

"Kwa nani?"

"Jina sikuambiwa. Alikuja mara moja tu, kupimwa shingo. Alikuwa..."

"Usinieleze uzuri wake."

"Nilitaka kusema alikuwa na aibu. Hakujiangalia kwenye kioo."

Nje mtu alikuwa anapiga honi kwa hasira, nikamwonea wivu kwamba shida yake ilikuwa gari.

"Kifungo?" akauliza.

"Jani la dhahabu, lina tundu moja, kama limeliwa na mdudu. Kinapendeza kuvaliwa kimegeuzwa mbele. Mchoro aliuleta mwenyewe."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kibaya kidogo. "Mume wangu? Kapima ardhi miaka thelathini, kachora mipaka ya viwanja vya nchi nzima, mimi hajanichorea hata ua!"

Kisha akaacha kucheka, akatuambia anachotaka. Hakuomba.

Sonara achukue lulu hamsini na mbili zilizobaki, atengeneze kidani kifupi kama kile, kifungo kilekile, jani lilelile, tundu lilelile. Mimi nialikwe kwake Jumamosi mchana kama mchumba wa mwanawe. Nije nimekivaa.

"Kwa nini usivae mwenyewe, mama?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko mimi.

"Nikivaa mimi atajua nimetoka kwa sonara, na kabla sijakaa atakuwa na maelezo. Nimeishi naye. Akipewa dakika mbili anapata maelezo. Nataka akione kwa mtu asiyemtazamia. Nione uso tu, basi. Wewe kula chakula, nyamaza."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, nitamweleza mwanangu kwamba lulu za kwenye hiyo picha ni za shingo ya mama yake."

Alipoondoka, nilianza kukusanya vitu vyangu. Kikombe, kandambili, kitana. Nilikuwa na kazi hadi saa hiyo, nikadhani basi.

"Unakwenda wapi?" akauliza sonara.

"Si umenifukuza?"

"Nikikufukuza wewe kwa kuvaa kitu cha mteja, mimi niliyekikata nusu nitafukuzwa na nani? Kaa. Leta uzi wa hariri."

Siku nne tulitunga. Lulu haitungwi kama shanga za mtoto. Kila moja inafungiwa fundo lake, ili uzi ukikatika idondoke moja badala ya kumwagika zote, na ili zisisuguane zikatoboana ngozi. Sonara aliziondolea ukavu ule wa dawa ya kucha kwa kipande cha ngozi laini, moja moja, bila haraka. Mimi nilifunga mafundo. Nilipokosea, alikata, nikaanza tena. Ijumaa mchana akakaza jani la dhahabu kwenye ncha ya uzi, akanivalisha, akageuza kioo upande wangu.

"Unajiangalia," akasema.

"Sitakiwi?"

Alikwenda kunawa mikono.

Jumamosi fundi wa lifti alinifuata nyumbani kwa dada akiwa amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani haijalitoka. Dada alimwita shemeji mara sita kabla hajaketi. Njiani akanitazama shingoni.

"Siku ile kilikuwa kirefu."

"Nimekipunguza."

"Kama nguo?"

"Kama nguo."

Akaridhika. Kisha akasema bila kunitazama, "Nimewahi kuwapeleka watu nyumbani nikiwa sina uhakika. Leo nina uhakika." Halafu akacheka, akasubiri nielewe kichekesho, na hakukuwa na kichekesho. Nilitaka kushuka kwenye gari likiwa linakwenda.

Pale, msomaji, ndipo nilipojua nimekwisha. Nimevaa vya watu miaka miwili na sikuwahi kutaka kubaki navyo. Huyu nilitaka kubaki naye.

Nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa kama yeye. Viti vimenyooka, vitambaa vya meza vimepigwa pasi, saa ya ukutani iko mbele dakika tano kwa makusudi. Alinipokea kwa kunikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Mabega juu." Akanikalisha upande wake wa kulia. Mwanawe akakaa upande wangu wa pili, akanishika mkono chini ya meza. Kiti cha mbele yetu kilikuwa kitupu.

"Baba yenu ananawa," akasema mama, akaanza kupakua.

Akaingia akijifuta mikono. Nilitarajia jitu. Alikuwa mzee mdogo, mwembamba, amefunga saa nje ya mkono wa sweta, mwenye uso wa mtu anayewaachia wengine nafasi kwenye foleni. Nilitaka kumchukia, nikakosa pa kuanzia.

"Karibu, karibu sana, mwanangu," akasema, "jisikie uko kwe..."

Taulo likaanguka.

Aliangalia jani. Akaangalia uso wangu. Akarudi kwenye jani. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kijiko hewani, hapumui, anasoma uso wa mumewe mstari kwa mstari, na nikaona kwamba tayari amepata alichokuja kukipata. Ningeweza kula na kunyamaza. Ndivyo tulivyokubaliana.

Lakini mpima ardhi hakutafuta maelezo. Alipewa zile dakika mbili na hakuzitumia. Akaja taratibu akizunguka meza, akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza wodini:

"Umekuwa mkubwa hivi."

Mkono wa fundi wa lifti ukakaza juu ya wangu. "Baba? Unamfahamu?"

"Nilimwona mara moja. Alikuwa na sare ya shule." Bado ananitazama mimi. "Hukunijua siku ile. Mama yako alisema ni vizuri usinijue."

Mwanawe alinigeukia. Sijui alikuwa anapiga hesabu gani kichwani, lakini niliona kila jibu alilolipata, na yote yalikuwa mabaya.

Kukanusha kulikuwa rahisi. Mimi nina baba. Ni fundi cherehani, yuko hai, tunafanana mpaka masikio. Ningesema, baba, umenifananisha, kidani hiki ni kipya, muulize mkeo. Mzee angenyamaza, na ambacho kingetoka kinywani mwake kisingetoka tena maisha yake yote. Ningebaki na mkono wangu ndani ya mkono huu.

Nikasikia maumivu. Chini ya meza mwalimu mkuu alikuwa amenifinya paja, amefinya kwa kucha, huku usoni akiwa ametulia kama bango la ukutani. Sikuhitaji kutafsiriwa. Mwache aseme. Mkubalie.

"Hicho kidani," akasema mzee. Alinyoosha kidole kugusa jani, hakulifikia. "Mama yako ndiye kakuachia?"

Nilimwangalia fundi wa lifti. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeomba lifti isifunguke.

Nimesema uongo mwingi kwa sababu ndogo. Kuhusu pete, kuhusu hereni, kuhusu foleni za barabarani. Huo ulikuwa wa kwanza kuusema kwa kuombwa, na kwa mwanamke aliyekuwa anakaribia kulia mbele ya sahani yake mwenyewe.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ameniachia."

Mkono wa fundi wa lifti ukauachia wangu. Kidole kimoja kimoja.

Mzee akatafuta kiti kwa nyuma bila kugeuka, akakipata, akakaa. Uso ukamporomoka wote kwa mara moja.

"Alisema hatakivua shingoni mpaka siku ya kufa," akasema. "Tulipatana hivyo. Ukikiona kwa mtoto, alisema, ujue mimi sipo tena."

Kucha za mwalimu mkuu zikatoka pajani mwangu.

"Lini, mwanangu?" akauliza mzee, na machozi yakaanza kumdondoka kwenye sweta mbele ya mkewe bila hata kuyaficha. "Mmemzika lini?"